Visahani vya NHL: bei imo kwenye hati, haimo kwenye mpira

KATIKA soko la kumbukumbu za michezo huko Canada na Marekani kuna bidhaa moja ndogo ambayo bei yake huwachanganya wageni. Ni kisahani cha mpira mweusi, ambacho wenyewe hukiita puck, na ndicho wachezaji wa magongo ya barafuni hukipiga badala ya mpira wa duara. Kikiwa kipya dukani huuzwa dola chache tu, kiasi ambacho mzazi humnunulia mtoto bila kufikiri mara mbili. Kikishachezewa katika mchezo rasmi wa ligi kuu ya NHL, na kikawa na hati inayosema hivyo, bei hufika makumi ya dola. Kikiwa ndicho kilichoingia golini kutoka kwenye gongo la mchezaji mwenye jina, ni mamia, na kwa magoli yenye historia ni maelfu. Mpira ni uleule, kiwanda ni kilekile, na uzito haukuongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni maelezo.

Kwa mfanyabiashara aliyezoea kukagua mali kwa macho na mikono, hilo peke yake latosha kumtahadharisha. Anayelipa dola 400 kwa kisahani ambacho kipya chake ni dola 5 amelipa dola 395 kwa ajili ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa, kubishaniwa bei na kutunzwa. Wanunuzi wengi wapya hufanya kinyume chake. Hukigeuza kisahani upande huu na upande huu, hukitafuta mikwaruzo, hukipiga picha ya kuwaonyesha jamaa, na hati huikunja na kuitia mfukoni kama risiti ya basi.

Mauzo ya namna hii hayafanyiki tena kwenye maonyesho ya wakusanyaji tu. Klabu zenyewe huuza, nyumba za mnada huuza, na watu binafsi huuziana kupitia intaneti, kiasi kwamba mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa mwenye kadi ya benki anaweza kununua saa hiyohiyo na mtu wa Montreal. Waafrika Mashariki waishio Toronto na Minneapolis wamo katika miji ambayo mchezo huu ni habari ya kila siku, na si ajabu fununu za faida zikawafikia ndugu zao huku nyumbani. Ndiyo maana inafaa hesabu za biashara hii zifahamike kabla fedha za ada ya shule hazijaingizwa humo.

Alama si ushahidi

Kisahani rasmi kina upana wa inchi 3, unene wa inchi 1, na uzito kati ya gramu 156 na 170. Hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke juu ya barafu. Timu mwenyeji ndiyo inayoleta visahani, na wasimamizi wa mezani hukaa navyo kwenye baridi na kuvibadilisha kadiri mchezo unavyoendelea. Kimoja huweza kukaa uwanjani dakika chache tu, kikatoka nje na kuangukia kwa mashabiki, au kikatolewa na kingine kikaingia. Ukiacha vile vilivyofunga magoli, hakuna anayekumbuka kipi kilikuwa kipi.

Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba kisahani fulani kimechezewa, swali la kwanza ni: kitu chenyewe kinaweza kutoa ushahidi gani? Jibu ni kwamba kinatoa kidogo sana. Zinatajwa alama nyeusi za utepe wa magongo, madoa ya rangi nyekundu ya nguzo za goli, michubuko ya mbao za pembeni, na mistari myembamba ya barafu. Zote ni alama za kweli. Ila kila kiwanja cha mtaani kina magongo yenye utepe, nguzo nyekundu na mbao za pembeni. Hata Nairobi, ambako kiwanja cha barafu kilifunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na ambako Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024, mtu anaweza kukipiga kisahani kwa jioni mbili kikatoka na makovu yasiyotofautiana na ya Montreal.

Wachuuzi wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, wanalijua tatizo hili kwa sura yake ya nyumbani. Kinyago cha mti mweupe kikipakwa kiwi huonekana kama mpingo kwa mtalii anayekimbilia ndege. Lakini mjuzi akikwaruza chini ya kitako, au akikipima kwa mkono tu, ukweli hujitokeza, kwa sababu mpingo una uzito wake na kiini chake cheusi. Vivyo hivyo mfanyabiashara wa tanzanite huenda kwa mpimaji, na dhahabu huchomwa ikajulikana. Mali hizo hubeba ushahidi ndani ya mwili wake. Kisahani cha magongo hukikwaruzi ukapata jibu. Kikiwa cha mpira mtupu, ndani ni mpira, na chini ya mpira ni mpira.

Hata njia ya kulinganisha picha, ambayo imepandisha sana bei za jezi, haisaidii hapa kwa kiasi hicho. Jezi ina mshono uliopinda, kiraka na doa mahali pake, na picha ya mchezo huweza kukuzwa mpaka vikaonekana. Kisahani ni cheusi, kinazunguka, na kinakwenda kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Picha inayoonyesha mkwaruzo mmoja unaotambulika ni bahati ya nadra, na muuzaji anayeitaja pasipo kuitoa asipewe muda.

Kuna jambo moja ambalo mwili wa kisahani hulifanya vizuri, nalo ni kukanusha. Kisahani rasmi chenye saini ya Gary Bettman hakiwezi kuwa cha mchezo wa mwaka 1988, kwa kuwa Bettman alishika uongozi wa ligi mwezi Februari 1993. Kisahani chenye jina la Art Ross, mchezaji na kocha mashuhuri wa Boston aliyebuni umbo lake, pamoja na jina la kiwanda cha Tyer cha Massachusetts, ni cha zama za kati ya karne ya 20, na hakiwezi kuhusishwa na Gretzky aliyeanza kucheza NHL mwaka 1979. Mnunuzi akijifunza majina ya watengenezaji na nembo za kila zama, ataepuka nusu ya mitego bila kulipa senti. Nusu nyingine ni ya bidhaa ambazo zama zake ni sahihi lakini hazikugusa barafu ya NHL hata siku moja, na hapo macho hayasaidii.

Ipo pia hila ya maneno. Visahani vya mazoezi ya kupasha misuli kabla ya mchezo hutolewa vingi kwa mara moja, na navyo hupigwa na wachezaji walewale katika uwanja uleule. Muuzaji mjanja huandika "kimetumika na timu" na kumwacha mnunuzi ajijazie mwenyewe. Klabu zenye utaratibu huvitofautisha waziwazi, na bei yake ni ya chini. Hati isiyosema tarehe ya mchezo, timu pinzani na kipindi, ichukuliwe kuwa ni ya kisahani cha mazoezi, na bei itolewe hivyohivyo.

Mkono kwa mkono

Thamani basi hutegemea swali moja: nani alikishika baada ya nani, na imeandikwa wapi. Mifano mikubwa ya mchezo huu inaonyesha hilo kuliko nadharia yoyote.

Tarehe 28 Septemba 1972 huko Moscow, Paul Henderson aliifungia Canada goli la ushindi dhidi ya Umoja wa Kisovieti zikiwa zimebaki sekunde 34. Hakuna goli linalokumbukwa zaidi nchini humo. Jezi aliyovaa siku ile alimpa mmoja wa wahudumu wa timu, na njia yake tangu hapo ilijulikana. Ilipopigwa mnada mwaka 2010 ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 1.2 za Marekani. Kisahani cha goli lilelile je? Kwa miaka mingi mchezaji mwenzake, Pat Stapleton, alikuwa akidokeza nusu kwa utani kwamba anacho, na watu wakacheka naye mpaka alipofariki mwaka 2020. Utani haupigwi mnada. Vitu viwili vya sekunde moja: kimoja kina bei ya jumba la kifahari, kingine hakina bei.

Cha Chicago ni cha kusikitisha zaidi. Tarehe 9 Juni 2010, mjini Philadelphia, Patrick Kane alifunga goli katika muda wa nyongeza lililoipa Chicago Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu 1961. Kisahani kilizama pembeni ndani ya goli, watu wachache sana wakaona, na katika vurumai ya kushangilia kikatoweka. Mgahawa mmoja maarufu wa Chicago ulitangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayekileta. Picha za video zilichambuliwa, watu wakahojiwa, na kisahani hakijapatikana. Mtu akijitokeza leo na mfuko wa karatasi akisema ndicho hiki, atathibitishaje? Huenda anasema kweli. Soko litamlipa kama kwamba anasema uongo, na litakuwa na haki.

Kwa upande mwingine, kile cha goli la dhahabu la Sidney Crosby katika Olimpiki ya Vancouver, tarehe 28 Februari 2010, kiliokotwa palepale na mmoja wa waamuzi na kikaishia katika Jumba la Mashuhuri wa Magongo mjini Toronto. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya visahani vikubwa. Goli la kwanza la kijana huchukuliwa na mwenzake kutoka wavuni, mtunza vifaa hukizungushia utepe mweupe na kuandika tarehe, na kijana humpelekea mama yake. Cha goli la 500 huwekwa kwenye fremu. Vile bora kabisa havifiki sokoni, au hufika baada ya miaka 40 wakati wajukuu wanagawana mirathi. Mwekezaji mdogo ananunua katika daraja la pili na la tatu, na bei za daraja la kwanza anazosoma magazetini hazimhusu.

Besiboli ilipata somo mapema. Upelelezi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen, uliozimaliza genge kadhaa za kughushi saini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwatia hatiani watu zaidi ya 60, ulionyesha kwamba hati za uthibitisho nazo zilikuwa zikichapishwa na walewale waghushi. Kuanzia mwaka 2001 ligi kuu ya besiboli ikaweka watu wake viwanjani, wengi wao askari polisi walioko kazini au wastaafu, ambao huushuhudia mpira ukitoka mchezoni na kuubandika namba papo hapo. Shahidi hana timu wala duka. Katika magongo, kwa kiasi kikubwa anayethibitisha ni klabu inayouza au kampuni iliyopewa kazi na klabu. Si kusema kuwa wanadanganya. Klabu nyingi za NHL zinafanya kazi hii kwa uangalifu, hubandika kibandiko chenye namba, na namba hiyo humtaja mfungaji, waliotoa pasi, tarehe na dakika. Lakini muuzaji na shahidi wakiwa mtu mmoja, mnunuzi anapaswa kutaka punguzo kwa sababu hiyo, na soko bado halijajifunza kulidai.

Barua za mashabiki nazo zina mizani yake. "Kilirukia kwangu nikiwa nimekaa nyuma ya goli" ni maelezo ya kuaminika kwa miaka ya 1970 au 1980. Mwezi Machi 2002 msichana wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa na kisahani akiwa jukwaani mjini Columbus, na kuanzia msimu uliofuata ligi iliamuru nyavu zifungwe juu ya vioo vya nyuma ya magoli. Barua ya kisahani cha mwaka 2006 inayosema kilipita hapohapo inataka maswali. Muulize muuzaji sehemu na namba ya kiti, kisha tafuta ramani ya uwanja. Ni kazi ya dakika tano.

Hesabu ya faida

Wapo wanaosema kwamba mali hii ni ya uchache na kwa hiyo lazima ipande. Uchache huo upimwe. Msimu wa 1966/67 NHL ilikuwa na timu 6, kila moja ikicheza michezo 70, yaani michezo 210 kwa jumla bila kuhesabu ya mtoano. Msimu wa 2024/25 timu zilikuwa 32, kila moja ikacheza michezo 82, jumla michezo 1,312. Kwa wastani wa magoli sita hivi kwa mchezo, hayo ni magoli karibu 8,000 kwa msimu mmoja, na kila goli ni kisahani kinachoweza kuuzwa. Zamani vilitupwa kwenye ndoo au watoto wakapewa. Siku hizi kila kimoja kinabandikwa namba, kinatiwa kwenye boksi na kuhifadhiwa na mtu anayengoja kipande. Mali ambayo kila mwenye nayo anaiweka akingoja ipande haiwezi kuwa chache wakati wa kuuza.

Kwa mantiki hiyo, kisahani cha zama za timu sita chenye barua ya klabu au ya familia ya mchezaji, na vile vya timu zilizokufa au kuhama, kama Quebec Nordiques walioondoka mwaka 1995 na Hartford Whalers walioondoka 1997, vina msingi. Hakuna kitakachoongezeka, na wapo watu wenye umri na mishahara ambao walilia timu zile zilipoondoka. Vya ligi ya WHA, iliyoishi kati ya 1972 na 1979 tu, ni vilevile. Kuna kundi jingine dogo la kuvutia, nalo ni vile visahani vya televisheni ya Fox vilivyoanza kutumika Januari 1996 na kuachwa mwaka 1998. Vilikatwa katikati, vikawekewa betri na vifaa vya elektroniki ili vionekane vinawaka kwenye skrini. Washabiki wa magongo walivichukia kwa moyo wote. Ila kwa mkusanyaji vina sifa ambayo visahani vya mpira mtupu havina: mwili wake una cha kuchunguzwa.

Thamani inayojengwa juu ya rekodi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1998 Mark McGwire wa besiboli alipiga mipira 70 nje ya uwanja katika msimu mmoja, na mpira wa 70 ukanunuliwa Januari 1999 kwa dola milioni 2.7 bila kamisheni. Mwaka 2001 Barry Bonds akapiga 73. Mashabiki wawili waliugombania mpira ule mahakamani, hakimu akaamuru uuzwe wagawane, na mwaka 2003 ukaenda kwa dola 450,000, moja ya sita ya ule wa kwanza, ingawa rekodi yake ilikuwa kubwa zaidi. Mnunuzi alikuwa mtu yuleyule, Todd McFarlane. Baadaye, mwaka 2010, McGwire alikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu. Mwekezaji aliyenunua kwa bei ya McGwire alikuwa amenunua mambo mawili bila kujua: kwamba rekodi haitavunjwa, na kwamba mwenye rekodi hatachafuka.

Magongo yana mfano wake. Wayne Gretzky alistaafu mwaka 1999 akiwa na magoli 894, na kwa miaka mingi ilisemwa hakuna atakayemfikia. Tarehe 6 Aprili 2025 Alexander Ovechkin alifunga la 895. Kumbukumbu za Gretzky hazikufa kwa hilo, kwa kuwa jina lake lina uzito nje ya rekodi. Hata hivyo, kisahani cha Ovechkin chenye namba ya kawaida, tuseme goli la 700 na ushei ambalo halina historia yake, kilipanda wakati wa shamrashamra kwa sababu ya habari za televisheni. Aliyenunua wiki zile alilipa bei ya shamrashamra, na mwenye kiasi angengoja zipoe.

Kisha kuna gharama za mnada, ambazo watu hawazitaji wanaposimulia faida. Chukua mfano wa kisahani kilichopigwa nyundo kwa dola 500. Nyumba ya mnada huongeza kamisheni ya mnunuzi, na asilimia 20 ni kiwango cha kawaida, kwa hiyo analipa dola 600. Miaka mitatu baadaye bei imepanda asilimia 20 kamili, nyundo inapigwa kwa dola 600. Muuzaji akikatwa asilimia 10 anaondoka na dola 540. Soko limepanda, yeye amepoteza dola 60, na hapo hajalipa posta wala bima. Akiwa na mzigo huo Tanzania au Kenya ataongeza usafirishaji wa kwenda na kurudi, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya wakati wa kuuingiza. Ni dhahiri kwamba mwenye mpango wa kununua auachie mzigo ukae kwa jamaa wa kuaminika hukohuko ng'ambo.

Jamaa huyo akiwa Marekani ajue kodi yake. Faida ya hisa zilizoshikwa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa kodi ya serikali kuu isiyozidi asilimia 20, lakini faida ya vitu vya kukusanya huweza kufika asilimia 28. Serikali yenyewe imeshaamua ni mali gani inaipendelea.

Hisa za Soko la Dar es Salaam, hata zikilala bei mwaka mzima, kampuni yake huweza kugawa gawio. Hati fungani hulipa riba. Kisahani hakizai. Kinalipwa kodi ya kabati, kikiwekwa juani mpira hupauka, na mwenye nyumba akikiosha kwa sabuni ili king'ae mbele ya wageni, ameosha zile alama chache zilizokuwepo. Faida yake yote inangoja siku moja ya kuuza, na siku hiyo lazima apatikane mtu mwingine anayelitaka goli lilelile. Kwa Crosby watakuwapo. Kwa beki wa kikosi cha pili aliyefunga magoli 11 maishani, mnunuzi ni yeye mwenyewe na ndugu zake.

Wanaopata riziki ya uhakika katika biashara hii wanafahamika. Ni klabu, ambayo bidhaa yake ilikuwa taka. Ni nyumba ya mnada, inayokata pande zote mbili. Na ni mchuuzi mwenye mzunguko, anayenunua boksi la visahani 40 vya msimu uliopita kwa bei ya jumla na kuviuza kimojakimoja kwa mashabiki wa timu hiyo kwa nyongeza ndogo. Huyo wa tatu anaweza kuigwa na mwananchi wa kawaida, maana anafanya biashara ya duka na wala hakai kungoja historia. Mtaji wake unarudi ndani ya miezi.

Anayetaka kujaribu kwa fedha ambazo hazitamtia njaa, anunue kwenye duka la klabu kuliko kwa mtu wa tatu, aichunguze namba ya kibandiko kwenye kumbukumbu za mtoaji kabla ya kulipa, na apige nakala ya hati aiweke mahali tofauti na kisahani. Barua ya uthibitisho iliyotolewa na duka ambalo ndilo linalouza, bila kibandiko cha ligi wala cha klabu, ihesabiwe kuwa haipo, na kisahani kilipiwe bei ya kipya.

Msimu wa NHL kwa kawaida huanza Oktoba na Kombe la Stanley hukamilika Juni. Hamu ya wanunuzi huwa juu wakati wa mtoano, na mnunuzi mwenye subira huangalia miezi ya Julai hadi Septemba, wakati viwanja vimefungwa na wauzaji wanahitaji fedha. Minada ya Canada ichunguzwe kwa makini katika jambo moja zaidi: baadhi hutaja bei kwa dola za Marekani na nyingine kwa dola za Canada, na dola hizo mbili hazilingani.